Maranda Juu ya Moshi

Sigei amekufa. Nilisikia jina lake kwa redio, ile saa ya matangazo ya vifo, nikiwa nimekaa kwa kistuli nakamua ng'ombe, maana kuchuchumaa sijaweza tangu ule mwaka. Mtangazaji alisema mzee wetu mpendwa, aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya majani chai, atazikwa nyumbani kwake karibu na Roret, na akaanza kutaja watoto, wakwe na wajukuu. Nikaendelea kukamua. Ng'ombe alijua mkono wangu umekaza kwa sababu alinipiga mkia wa uso. Nilikuwa nimejiapia zamani kwamba siku nikisikia huyo mtu amekufa nitachinja jogoo nile peke yangu, nifunge mlango. Jogoo alikuwa pale pale uani anachakura. Sikumshika. Nilipeleka maziwa barabarani, nikarudi nikakaa, na kitu nilichofikiria hakikuwa Sigei. Nilifikiria harufu ya paini.

Sitaandika habari za baba yangu wala za ukoo, hazisaidii hapa. Nilisoma mpaka darasa la sita, na anayesoma hii atavumilia mwandiko wangu. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, nikiwa kibarua wa nasari ya miche ya chai pamoja na Odhiambo. Odhiambo alikuwa mtu wa chini huko, mahali reli inapoteremka kutoka Fort Ternan na miwa inaanza. Ule mwaka ulimuua yeye na mimi ukaniachia nyonga iliyounganishwa vibaya. Mama yake alikuja hospitalini akaniuliza swali moja, nikamjibu kwa jina moja. Hilo jina lilikuwa la kweli, lakini nilikuwa nimebakisha. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa kutaja wenye makosa, mtu yeyote aliyekaa na mimi kwa chai anajua. Leo nitawataja wote.

Nyuma ya laini zetu za kulala kulikuwa na mstari wa paini, zile miti wanaita misonobari kwa vitabu, zilizopandwa kuzuia upepo usichape majani chai. Zilikuwa ndefu kuliko kanisa. Chini yake ndiyo kulikuwa na jiko letu la nasari, nyumba ya udongo yenye bati, ambayo walinzi wa zamani walijenga kama nyumba za kwetu: mafiga matatu katikati, na juu upande mmoja dari ya miti iliyofungwa kwa kamba, sisi tunaiita tabut. Huko juu moshi ndiyo unakaa. Kuni zinakaushwa huko, mahindi ya mbegu yanawekwa huko, wimbi, kila kitu ambacho mtu hataki kiharibike. Sisi wawili tulikula hapo kila mchana. Ugali ulikuwa wa Odhiambo, kwa sababu alisema ugali wa Mkipsigis ni uji uliokata tamaa. Mboga ilikuwa yangu, isagek, yaani mgagani, nimeichemsha na kumwagia maziwa. Yeye aliiita akeyo, akakula sufuria nzima akisema kwao inapikwa vizuri zaidi. Tulibishana juu ya ile mboga mwaka mzima, na ilikuwa mboga moja.

Mwanzo wa kiangazi paini moja ikaanza kugeuka rangi kutoka juu. Sindano zake zilikuwa kama kutu. Mwezi ukiisha zikawa nne. Bwana Sigei, ambaye ndiye alikuwa supavaisa wetu, mtu wa soksi nyeupe zilizovutwa mpaka gotini na biro imechomekwa ndani ya soksi, alizunguka mti wa kwanza mara mbili na kusema ni jua. Odhiambo alichukua panga akaukata kidogo kwenye gome, na mti wa jirani uliokuwa kijani akaukata vile vile. Jioni tulipopita, ule wa kijani ulikuwa umetoa utomvu umeteremka kama mshumaa. Ule mwingine kidonda chake kilikuwa kikavu kama mfupa. "Huyu halii," Odhiambo akasema. "Na kwa matanga, Kibet, yule asiyelia ndiye unapaswa kumwangalia." Alikuwa anaongea hivyo, kila kitu kwake kilikuwa matanga, mpaka wenzetu walimwita Msiba. Nami nilicheka. Sasa nikiona mti wa paini popote, hata ule wa uani kwa kanisa, huwa nauchuna kwa kucha nione kama unalia.

Ndipo akaja Madam Mercy kutoka maabara ya serikali. Alikuwa msichana tu, pengine ametuzidi miaka mitatu, na gambuti za mwanaume. Alituonyesha mimi na Odhiambo jinsi ya kutoboa: unatumia keekee ya mkono, urefu wa kifua, unatupa gome, na maranda yanayotoka ndani ya mti unayaingiza kwa karatasi ya nailoni, wakati huo hazikuwa zimepigwa marufuku, na kuandika namba ya mti. Alisema kuna mnyoo, mdogo kuliko unywele uliokatwa vipande, unaoingia ndani ya mbao na kuziba njia za maji, mti unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye mvua. Unabebwa na mbawakawa mwenye pembe ndefu. Odhiambo alimuuliza kama huo mnyoo unaweza kuingia mtu. Madam akacheka, akasema hapana, huo haupendi watu. Baadaye alisimama kando na Sigei akamwelezea mambo mengi kwa Kizungu, akampa karatasi iliyoandikwa pande mbili. Sigei aliikunja akaiweka kwa soksi pamoja na biro. Gari lilipoondoka, tulimuuliza karatasi inasema nini. Alisema inasema muyatunze hayo maranda vizuri yasiharibike, mpaka gari la kuyapeleka lipatikane. Ni hayo tu alisema.

Tulitoboa miti kumi na miwili siku mbili. Mikono ilitoka malengelenge. Maranda ya mti mzima yalikuwa meupe na yalinata vidole, na maranda ya mti mgonjwa yalikuwa na mistari ya buluu kama ya wino. Tuliyapanga mifuko chini, kwa kona ya jiko, na kesho yake tukakuta nailoni imelowa ndani, matone yamejaa. Odhiambo akainua mmoja akauangalia kwa mwanga wa mlango. Akasema yanatoka jasho, siku mbili tu yataota ukungu, na Sigei atasema ni sisi. Mimi ndiye nilisema basi tuyapandishe juu. Haikunichukua hata dakika kufikiri. Kwetu kitu cha maana hakiachwi chini kwa unyevu, mtoto mdogo anajua hilo, na mtu akikuambia tunza vizuri, macho yako yanainuka yenyewe kwa tabut. Nilipanda kwa ngazi. Tuliyamwaga kutoka kwa nailoni, kila mti kwa gazeti lake, namba yake juu, na kuyafunga kama tumbako. Odhiambo alikuwa chini ananipasia, moja baada ya nyingine, akihesabu kwa Kijaluo. Tulifurahi. Tulikuwa tumefanya kazi safi. Mtu angepita mlangoni angetuona tukipanguza mikono kama watu waliomaliza kuezeka nyumba.

Gari halikupatikana kwa siku tisa. Meneja wetu, Bwana Tanui, alikuwa na wageni wa kununua chai, na kila gari lilikuwa la kupeleka viti, rangi ya kupaka mawe ya barabarani, na maua ya nyungu. Siku moja nilikuwa nyuma ya kibanda cha nasari najaza udongo, nikamsikia Tanui akimwambia Sigei kwamba hata kama miti ina ugonjwa, hatakata mstari mzima wakati wageni wako hapa, upepo utachoma majani na shamba litaonekana kama kuku aliyenyonyolewa. Sigei akajibu, sawa bwana, acha tungoje matokeo. Nilisikia hivyo na masikio yangu. Siku ya tisa, asubuhi, tukashusha zile gazeti, tukarudisha maranda kwa nailoni. Yalikuwa makavu, mepesi, yanalia kama makapi ya ngano. Odhiambo akasema sasa hayo ni maranda ya kupeleka kwa watu.

Matokeo yalikuja baada ya wiki mbili. Sigei alisimama mbele yetu asubuhi wakati wa kuita majina, akatoa karatasi kwa soksi, akasema maabara imeangalia miti yote kumi na miwili na hakuna mnyoo hata mmoja, miti ni mizima, ni kiangazi tu. Wakati anasema hivyo mvua ilikuwa inatunyeshea. Watu wa laini walifurahi kwa sababu walikuwa wamesikia nyumba zilizo chini ya paini zitahamishwa. Odhiambo peke yake ndiye alibaki akiangalia juu. Alinisukuma na kiwiko. "Mti unaweza kuwa mzima na umekufa?" akaniuliza. Nikamwambia aende amuulize Madam. Tukaenda kujaza udongo.

Zile paini zilisimama kavu miezi mitano. Gome likaanza kubambuka lenyewe na kuanguka juu ya bati, tukiwa tunakula tunasikia kama mtu anatupa viatu. Tulizoea. Hicho ndicho kitu kinachonichosha nikikumbuka, jinsi tulivyozoea. Kisha ikaja ile siku ya mvua ya mawe, ile ya mchana ambayo huku kwetu kila mtu anaijua, inageuza shamba jeupe kwa dakika kumi. Tulikimbilia jikoni. Odhiambo alikaa karibu na mlango, ambapo juu hakuna dari, ili aone mawe. Mimi nilikaa ndani chini ya tabut, kwa sababu nilikuwa nakoroga mboga. Alikuwa ananiambia kwamba nimeweka maziwa mengi tena, kwamba nataka kumgeuza ndama. Sikusikia mti ukivunjika kwa sababu ya kelele ya mawe kwa bati. Niliona tu mlango umekuwa giza. Ile miti ya tabut, niliyopanda kuweka yale maranda, ilishuka na kukwama juu ya mafiga, ikazuia bati lisinifikie kifua. Nyonga ndiyo ilibaki nje. Walipotutoa walinitoa nikiwa hai. Msiba walimtoa amefunikwa.

Nililala hospitalini miezi miwili, kitanda cha pembeni, wodi iliyonuka dawa na kabeji. Wiki ya tatu Madam Mercy alikuja, nywele zimelowa, akaketi kwa kitanda kwa sababu viti vilikuwa havitoshi. Alisema amerudi mwenyewe na kutoboa ule mti ulioanguka na miti ya jirani, ameyabeba maranda yakiwa mabichi ndani ya sanduku la barafu. Hapo ndipo nilielezwa kwa mara ya kwanza jinsi wanavyotafuta huo mnyoo. Maranda yanawekwa juu ya karatasi laini ndani ya faneli yenye maji, faneli ina mpira chini umebanwa na kibanio. Mnyoo ulio hai unatoka kwa mbao wenyewe, unaingia majini, na unazama mpaka kwa shingo ya mpira. Kesho yake unafungua kibanio, tone moja linaanguka kwa kioo, unaangalia na maikroskopu. Maranda yakikauka unakufa, hilo alikuwa ameliandika kwa ile karatasi ya Sigei, na uliokufa hautoki. Unabaki ndani ya mbao na faneli inasema hakuna kitu. "Safari hii walikuwa wengi, Kibet," akasema. "Ni wa aina gani, hiyo wakubwa bado wanabishana. Lakini tone moja tu, wanacheza kama nyuzi." Kisha akaniuliza polepole, yale ya kwanza yaliwekwa wapi.

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Niliona ngazi, niliona mikono ya Odhiambo ikinipasia. Nikasema, "Sigei aliyakalia siku tisa bila kuyapeleka." Hiyo ilikuwa kweli. Hakuniuliza tena. Alinifunika mguu na blanketi akaenda.

Mama Odhiambo alikuja baada ya kumzika mtoto wake. Alikuwa amepanda gari tatu. Alikuja, alisema, kumwona mtu aliyekula na mtoto wake mara ya mwisho. Aliniuliza alikula nini, nikamwambia, akataka kujua kama alishiba, nikamwambia alikuwa bado anateta juu ya maziwa. Akatikisa kichwa, akafurahi kidogo. Kisha akauliza, "Nani alisema huo mti ni mzima?" Nikamwambia, Sigei. Akarudia jina mara tatu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejifunza njia ya kwenda mahali. Tangu siku hiyo amekuwa akinitafuta kila Krismasi, zamani kwa barua ya kuandikiwa, siku hizi kwa simu ya mjukuu wake, na kila mara lazima aulize, yule Sigei bado anaishi? Namwambia, bado, Mama. Anasema, Mungu yuko. Nimekuwa nikimlisha lile jina miaka yote kama mtu anayempelekea mgonjwa uji.

Basi nilienda kwa matanga ya Sigei. Nilienda na fimbo yangu na maneno yangu tayari kichwani, kwa sababu nilijua watasema mfanyakazi mwenzake wa zamani asimame. Kulikuwa na hema, kwaya ya kanisa, na picha yake kubwa mbele, mzee mwembamba bila soksi. Sikuwa nimemwona tangu shamba lituhoji juu ya ule mti ulioanguka. Walisema katika historia yake kwamba alimaliza kazi akiwa karani wa mizani, anapima majani huko mwisho wa shamba. Nilishangaa, nilidhani alipanda cheo. Nilikuwa nafikiria hilo nilipoona mwanamke mwenye mvi anakuja kwa mstari wangu wa viti, akikanyaga kama mtu aliyezoea gambuti. Alikaa kando yangu. Alikuwa Madam Mercy, sasa amestaafu, anafuga kuku huko Kedowa. Tuliongea juu ya kuku kwanza.

Halafu akasema, huku anaangalia jeneza, kwamba ile wiki aliyonitembelea hospitalini Sigei alimwandikia barua. Alikiri kwamba ni yeye aliyeyakausha maranda, ati aliyaweka jikoni kwake juu ya moto, hakusoma maagizo. Ni kwa sababu ya hiyo barua walimshusha cheo. Tanui hakuguswa, alihamishwa shamba lingine na nyumba nzuri zaidi. Nikamuuliza Madam kama aliiamini hiyo barua.

"Sigei alikuwa na meko ya gesi," akasema. "Nilikunywa chai kwake. Na maranda yenu yalikuwa yananuka moshi wa kuni, Kibet. Nilinusa siku ile ile nilipofungua mfuko."

"Na ukaendelea kuyapima?"

Alisema alikuwa mgeni kazini, mkubwa wake alitaka matokeo Ijumaa, na akajiambia labda ni moshi wa gari. Alisema hajawahi kumwambia mtu hilo. Kwaya ilikuwa imeanza tena. Sikujua kwa nini Sigei aliandika ile barua. Pengine aliogopa wakimuuliza mbona aliwaachia vibarua wawili kazi ya maagizo aliyoyakalia kwenye soksi. Pengine aliona mtu mmoja amekufa na mwingine amelala na mguu umening'inizwa, akasema inatosha. Nimegeuza hilo jambo usiku na mchana, nimechoka, halina mwisho. Hata nikimpa wema wote, ile karatasi hakutusomea. Waliponiita kusimama, nilisimama na fimbo yangu, nikasema marehemu nilifanya kazi chini yake na alinijua, nikaketi. Watu wakasema amina.

Wiki iliyofuata niliteremka kupita Fort Ternan, mpaka kwao Odhiambo. Mama Odhiambo sasa haoni vizuri. Alikuwa ameketi kwa mkeka mlangoni anachambua akeyo kwa vidole, jani moja moja, na alinijua kwa mlio wa fimbo. Alinikaribisha, akaniita nyathina kama siku zote, mtoto wake. Nikamwambia Sigei amekufa. Akasema, Mungu yuko, na akaendelea kuchambua. Ningeweza kunyamaza hapo. Mwenye jina amekwenda nalo, na yeye mwenyewe ana miaka mingapi iliyobaki? Lakini nilikuwa nimekuja na gari mbili na mguu huu. Nikamwambia yote, karatasi ya Sigei, wageni wa Tanui, moshi aliounusa Madam. Kisha nikamwambia kwamba aliyeyapandisha maranda juu ya moto, yule aliyewaua wale minyoo ili mti uonekane mzima, ni mimi. Nilimwambia sikuwa najua. Nikamwambia tena kwamba siku aliponiuliza nilikuwa tayari najua.

Vidole vyake vilisimama ndani ya mboga. Mjukuu wake akachungulia mlangoni na kurudi ndani.

"Wewe ulikuwa juu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Na nani alikuwa chini anakupatia?"

Sikutaka kumjibu. Katika hesabu yangu yote ya wenye makosa, hilo jina sikuwa nimeliweka, na nilikuwa nimeapa sitaliweka.

"Ni yeye," nikasema.

Akapanguza mikono kwa nguo yake, taratibu, kama alivyopanguza mtoto wake siku ile tukiwa tumemaliza. "Basi mlikuwa wawili," akasema. Akanisukumia sinia la mboga katikati yetu, nami nikaketi chini nilivyoweza, mguu umenyooka, tukachambua.